Bandi Nyekundu

Kuna watu wakiona vumbi juu ya meza hawatulii mpaka walifute. Fundi ugonjwa wake ulikuwa bandi. Akiona nguo imeshikizwa kwa ile mishono mirefu ya mkono, inayowekwa kwa muda tu ili kitambaa kisihame kabla ya kupita kwenye cherehani, vidole vilimwasha. Aliwahi kumsimamisha bibi harusi mlangoni pa ukumbi, akamgeuza mgongo mbele za watu na kumng'oa uzi mweupe uliosahaulika kiunoni, na gauni lenyewe wala hakulishona yeye. "Bandi ni siri ya fundi," alisema. "Ikionekana, fundi kaumbuka."

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akikaa wiki tatu nyumba moja na shuka kubwa lenye bandi tisini na sita, zote za uzi mwekundu, zote zimeachiwa mikia inaning'inia.

Shuka lilikuwa la binti yake. Mtaani walimwita Kiraka tangu utotoni, kwa kuwa alikulia chini ya meza ya cherehani akiokota vipande na kuviunga kimoja kwa kingine mpaka vikawa kitu kisicho na jina. Sasa ana miaka thelathini na minne na, kwa macho ya mama yake, bado anafanya jambo lilelile. Kazi yake ni sanaa. Anapiga picha, anazichapisha juu ya vitambaa, anashona, kisha anaita watu waje watie mkono wenyewe: wafunge, wafungue, wavae, waseme neno. Amealikwa miji ya mbali kwa kazi hiyo na kurudi na magazeti yenye sura yake. Fundi aliyahifadhi magazeti yote chini ya godoro, lakini akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya vitambaa," akabadilisha mazungumzo.

Picha za safari hii zilitoka ndani ya boksi la viatu juu ya kabati. Baba yake alikuwa na studio kwa miaka thelathini, na boksi lile lilikuwa la picha ambazo wenyewe walipigwa, wakaahidi kuja kuzichukua, wasionekane tena. Wengine walihama, wengine walikosa cha kumalizia, wengine Mungu anajua. Mzee hakutupa hata moja. "Mwenyewe atakuja," alisema mwaka baada ya mwaka, mpaka watu walipoanza kujipiga kwa simu na studio ikafungwa. Kiraka alizichapisha zote tisini na sita juu ya kitambaa cha pamba, kila moja ukubwa wa foronya, akaziunganisha, na juu ya kila uso akaweka kifuniko cha kitambaa kutoka gunia la vipande la mama yake. Kila kifuniko akakishikiza kwa bandi nyekundu.

Na wote tisini na sita, wanene kwa wembamba, walikuwa wamevaa koti moja.

Koti hilo Fundi alilishona mwaka wa kwanza wa ndoa. La buluu iliyoiva, vifungo vitatu, pana makusudi ili liingie hata kwa mwenye tumbo lake. Mteja mwembamba akilivaa, Fundi alisimama nyuma yake, akalikusanya mgongoni na kulipiga bandi mpaka likamkaa kama la kwake. Pini waliziacha baada ya mteja mmoja kuchomwa, akatoka kwenye picha kakunja uso kama amepelekwa polisi. Kamera haioni mgongo. Mzee aliinama juu ya kamera yake, ile ya kutazamia kwa juu, akasema, "Fundi, bega la kushoto." Fundi akavuta uzi kidogo, akarudi nyuma ya pazia, kamera ikalia. Miaka thelathini alisimama hatua moja nje ya picha za watu.

Siku hizi Mzee hakumwita Fundi tena. Alimwita "mama," kwa adabu, kama anavyoitwa mteja yeyote.

*

"Kesho saa nne asubuhi, ukumbi wa maktaba," Kiraka alisema asubuhi ya Ijumaa ile baada ya chai, akikunja tepu ya kupimia. "Mama, nataka Baba awepo."

Fundi alikuwa akipangusa meza. Akaendelea kuipangusa ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Baba yako mguu unamsumbua."

"Mama. Huo mguu ni wa kuwaambia majirani. Mimi naishi humu."

Kwenye kiti cha dirishani Mzee alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alimtazama Fundi, akatabasamu. "Mama, picha zako bado," alisema. "Njoo Jumatatu."

"Haya, Mzee. Nitakuja Jumatatu," Fundi akajibu, kama alivyojibu jana na juzi.

Kiraka alisubiri baba yake ageukie dirisha. "Sitaki kumwonyesha kwa watu. Nataka yeye awaone watu wake, wale wa kwenye picha. Huenda asiwe na nafasi nyingine."

"Akiwaona asiwajue?"

"Basi atakuwa amewaona."

"Na watu watakuwa wamemwona yeye." Sauti ya Fundi ilipanda, akaishusha. "Wewe hukuwepo kliniki."

Hakuwepo, kweli. Miezi minne nyuma, kwenye foleni, Mzee alimgeukia muuguzi na kumuuliza kwa ile sauti yake ya studio, yenye kusikika hadi barabarani: "Samahani binti, huyu mama ananifuata tangu asubuhi. Ni nani?" Benchi zima likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani ni utani wa wazee. Fundi naye akacheka. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani, akajifungia bafuni, akafungulia maji ili asisikike. Tangu siku hiyo Mzee hakuvuka mlango wa nje, na mtaa mzima ukaujua huo mguu unaomsumbua.

"Tutaona," Fundi alisema mwishowe, kwa shingo upande.

"Na hizi nyuzi zangu usiziguse," Kiraka akasema akivaa viatu. Alitabasamu kidogo. "Nimekuona unavyoziangalia. Utaelewa kesho, nimekuwekea kitu. Naenda kufunga kamba ukumbini, nitarudi saa kumi na mbili jioni."

*

Haikupita hata nusu saa, Msusi akabisha hodi. Huyu saluni yake iko mlango wa pili, na mdomo wake haujui kufuli. Alifuata blauzi yake ya kupunguzwa mikono, lakini blauzi akaisahau mara tu alipoona shuka limetandazwa sebuleni kuanzia ukutani hadi mlangoni.

"Ehee! Ndiyo kazi ya Kiraka hii? Imekuwa kubwa, maskini." Akainama, akashika mkia mmoja mwekundu kwa ncha za vidole. "Ila itaonyeshwa kesho, na bado iko na bandi?"

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe."

"Sawa, sanaa. Sisi tutajua wapi." Msusi aliachia uzi. "Ila watu wana midomo, Fundi. Watasema mama mtu ni fundi wa kutegemewa, mtoto kashindwa hata kumalizia mshono." Akamwona Mzee, akamwamkia kwa sauti ya kuwasemesha viziwi. "Shikamoo Mzee! Mguu unaendeleaje?"

Mzee aliitazama miguu yake yote miwili. "Marahaba. Mguu upi?"

Msusi alimgeukia Fundi. Lilikuwa jicho la kitambo kidogo tu, ila Fundi alilipokea lote. "Mlete kesho basi," Msusi akasema taratibu. "Watu wanamuulizia. Tumwone."

Alipoondoka, na blauzi yake safari hii, Fundi alisimama katikati ya sebule. Tumwone. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Akaliangalia shuka, mikia tisini na sita, mikia mirefu kama ya kushikwa na mtu. Kisha akavuta kiti cha cherehani, akatia uzi mpya, mweupe, imara, akageuza kitufe cha urefu wa mshono hadi namba ya chini kabisa.

Shuka lilikuwa zito. Lilimteleza mezani kila alipoligeuza, mpaka Mzee akainuka bila kuitwa, akaja upande wa pili na kulibeba kwa mikono yote miwili, akilipeleka mbele taratibu kadiri sindano ilivyokula. Hivyo ndivyo walivyoshona pazia la studio zamani. Hakuna aliyesema neno. Cherehani ilikwenda, ikasimama kwenye kona, ikageuka, ikaenda. Kila kifuniko pande nne, kila bandi nyekundu aliing'oa akaidondosha sakafuni. Saa kumi na mbili kasorobo alikata uzi wa mwisho. Kiuno kilimuuma na macho yalikuwa yameingia mchanga, lakini kazi ilikuwa safi, hata yeye aliikubali. Hapakuwa na uzi mmoja uliojitokeza.

"Kazi nzuri, mama," Mzee alisema. "Umejifunza wapi?"

*

Kiraka aliona nyuzi kwanza. Zilikuwa zimelala sakafuni chungu nzima, nyekundu, kama nywele za saluni jioni. Akapiga magoti. Akapitisha kidole ukingoni mwa kifuniko kimoja, cha pili, cha tatu. Akavuta. Hakikutoka.

"Nimekumalizia," Fundi alisema kutoka jikoni. Alikuwa amejiandaa kushukuriwa, au walau kugombezwa. Hakujiandaa kwa ule ukimya. Akatoka na kitambaa cha kufutia mikono. "Sema basi."

"Mama, kila mtu angevuta uzi mmoja." Kiraka alizungumza polepole, kama anayemweleza mgeni njia. "Uzi mmoja tu, kifuniko kinaanguka, uso unatokea. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nyuzi ndizo kazi."

"Si ungesema!"

"Nilisema usiziguse."

Fundi alikikunja kitambaa cha mikono, akakikunjua.

"Unajua kwa nini bandi?" Kiraka alikuwa ameokota nyuzi, anazizungusha kwenye vidole. "Kwenye kila picha humu wewe upo. Hakuna anayekuona. Watu wanaona koti limekaa vizuri, wanasema Mzee alikuwa mpiga picha hodari. Nilitaka mara moja tu bandi yako iwe mbele, ionekane na kila mtu. Hicho ndicho nilichokuwekea."

Machozi hayakumtoka Kiraka. Angelia, Fundi angejua la kufanya. Badala yake akachukua wembe, akakaa sakafuni, akaanza kufumua. Fundi akachukua wa kwake, akakaa kando yake. Lakini mshono ule ulikuwa mdogo mno, umebana kama meno ya kitana, na wembe ukiteleza kidogo kitambaa kinakatika. Kwa saa nzima walifungua vitatu, na cha tatu Kiraka alikichana urefu wa kidole kizima.

"Tuache, Mama," alisema. "Tutaharibu zaidi. Kesho nitawaambia watu waone ilivyo. Nitasema kazi imefungwa." Akainuka, akaenda kukaa barazani, akitazama barabara.

Fundi alibaki na wembe mkononi. Miaka arobaini ya ushonaji hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu. Cha kwanza kikawa cha mwanawe.

*

Asubuhi Kiraka alitangulia na shuka. Fundi alipiga pasi shati jeupe la Mzee, akapiga tena, kisha akakaa kitandani kulitazama. Mzee alisimama mlangoni na fulana.

"Leo tuna mteja wa mapema?" aliuliza.

Fundi alimtazama mume wake. Akajikaza. "Tuna wateja tisini na sita," alisema. "Njoo uvae."

Walitembea polepole, yeye amemshika mkono, mbele ya saluni, mbele ya duka la vifaa, mbele ya vijana wa pikipiki. Watu waliwaamkia. Mzee alijibu kila mmoja kwa heshima zote na hakumjua hata mmoja. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa, kila mtu aliona.

Ukumbini walikuwepo watu kama arobaini. Shuka lilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mbele yake kulikuwa na kigoda cha studio, kamera ya Mzee juu ya stendi yake, na koti la buluu limetundikwa kwenye kiti. Watu walilizunguka shuka kwa adabu ya wageni walioandaliwa meza isiyo na chakula. Walitazama vifuniko. Walitazama zile nyuso tatu zilizofunguliwa. Walitazama saa. Msimamizi wa maktaba, mwanamume mwenye tai na sauti ya kusoma taarifa, alimuuliza Kiraka bila kujali nani anasikia, "Samahani, hapa sisi tunashiriki vipi? Barua uliyoniletea ilisema watu watashiriki."

Mtu mmoja akacheka puani. Kiraka aliwaona wazazi wake mlangoni, akashtuka, midomo ikafunguka. Kisha akageukia watu. "Kuna jambo limetokea jana," alianza. "Kazi mnayoiona..."

"Ni mimi," Fundi alisema.

Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Maisha yake yote alikuwa nyuma ya pazia, na sasa sura arobaini zilimgeukia kwa pamoja. Mkono wake mmoja bado ulimshika Mzee. Wa pili ulishika mkoba kama unaotaka kumtoroka.

"Hivi vifuniko vilikuwa vya kufunguliwa. Mwanangu aliviweka bandi, kila mmoja wenu avute uzi. Mimi nikavishona kwa cherehani. Vyote."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, cha upendo wa kutosha, na Msusi alicheka kuliko wote. "Fundi na bandi!" alipiga kelele. "Si niliwaambia!"

"Cheka tu," Fundi alisema. "Na mimi nilimwambia mwanangu nimemmalizia kazi, kana kwamba bandi tu ndiyo iliniudhi. Nimemdanganya. Mimi ni fundi. Naujua uzi ulioachwa mkia, ni wa kuvutwa. Nilijua." Akamvuta Mzee karibu. "Niliogopa mkija kuwaona hawa mtamwona na huyu. Mume wangu hana ugonjwa wa mguu. Mume wangu anasahau. Miezi minne sasa mimi mwenyewe hanijui, ananiambia nije Jumatatu nichukue picha."

Sasa hakuna aliyecheka. Msusi aliangalia chini. Kiraka alikuwa amesimama palepale, mkono mdomoni.

"Basi." Fundi alifungua mkoba, akatoa pakiti ya nyembe, mpya, aliyoinunua njiani. "Nilibana mishono midogo sana. Mikono minne haitoshi, tulijaribu jana. Lakini hapa naona mikono themanini. Unakata mshono mmoja, unaruka mitano, unakata tena, mpaka kona. Halafu unageuza, unavuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima. Usiharakishe. Ukikata kitambaa cha mwanangu utanitambua."

Alianza mwenyewe kifuniko cha kwanza cha safu ya chini. Kata, ruka, kata. Uzi ukatoka mrefu, mweupe. Kifuniko kikaanguka, akatokea mwanamume mwenye masharubu, kakaa sawasawa ndani ya koti la buluu.

"Huyo," Mzee alisema nyuma yake.

Ukumbi mzima uligeuka. Mzee alikuwa amesogea, kidole mbele.

"Huyo dereva wa lori la mchanga. Alikohoa, nikapiga mara mbili. Alisema atakuja Jumatatu." Akatikisa kichwa bila kinyongo. "Hajaja bado."

*

Kwa saa mbili na nusu watu walifumua. Msimamizi alilegeza tai, akapiga magoti na wembe karibu na vijana wa pikipiki. Wazee walishika mwanga wa simu kwa wenye macho mabovu. Msusi, ambaye vidole vyake vimezoea kufumua misuko, alimaliza saba peke yake na kuwasimanga waliokuwa na vitatu. Fundi alizunguka kati yao, akiinama, akisahihisha, "Si hivyo, mwanangu, ruka mitano," na kila kifuniko kilipoanguka watu walimtazama Mzee. Mara nyingine alisema kitu. "Huyu hakutaka kucheka, jino la mbele lilikuwa limetoka." Mara nyingi hakusema chochote, akatazama tu, na watu walisubiri mpaka amalize kutazama.

Mfagizi wa maktaba alikuwa amesimama kando muda wote na ufagio wake, akijiona hakualikwa. Kifuniko cha safu ya juu kilipoanguka aliuacha ufagio nao uanguke.

"Baba," alisema. Akasogea mpaka pua ikakaribia kitambaa. "Ni baba huyu. Nyumbani hatuna picha yake hata moja. Hata moja!"

Mzee alimjongelea. "Alisema atakuja Jumatatu," alimweleza kwa upole.

Mfagizi alicheka na machozi yakimtiririka. "Alikuwa mtu wa kusahau, Mzee. Mtusamehe."

"Si neno," alisema Mzee. "Hata mimi."

Kiraka akachukua koti kwenye kiti. Hivyo ndivyo alivyopanga: atakayemtambua mtu wake, avae koti lilelile, akae kwenye kigoda kilekile, apigwe picha. Mfagizi alivaa, koti likamning'inia mabegani kama limetundikwa mlangoni. Fundi hakungoja kuambiwa. Aliokota uzi mwekundu kwenye kisanduku cha Kiraka, akautia sindano, akapita nyuma ya mfagizi, akakusanya kitambaa na kukipiga bandi. Mikono yake iliijua njia.

Mzee alikuwa ameshainama juu ya kamera. Akazungusha lenzi kidogo huku, kidogo kule. Akainua kiganja.

"Fundi," alisema. "Bega la kushoto."

Sindano ilimponyoka Fundi. Miezi minne. Alitafuta uzi kwa vidole visivyoona vizuri, akauvuta kidogo, bega likakaa.

"Tayari," alijibu, kama alivyokuwa akijibu, na sauti yake haikutetereka mpaka kamera ilipolia.

*

Mchana watu walipokuwa wakitoka, wakiaga na kumshika Mzee mkono kwa zamu, shuka lilikuwa wazi lote. Sura tisini na sita zilitazama ukumbi. Sakafu ilijaa nyuzi nyeupe, na mfagizi alikataa katakata kuzifagia.

"Mama, kaa," Kiraka alisema, koti mkononi.

"Nikae wapi?"

"Hapo mbele. Hujawahi kulivaa."

Fundi alitaka kupinga. Alitaka kusema nywele hazijatengenezwa, kwamba gauni ni la kushindia. Akavaa. Miaka yote hiyo alilijua koti kwa mgongo wake tu. Sasa lilimkaa kifuani, zito, lenye harufu ya watu wengi. Akakaa kwenye kigoda, akasikia binti yake amesimama nyuma, vidole vinakusanya kitambaa, sindano inaingia na kutoka. Mishono mirefu mno, Fundi aliisikia. Akazuia ulimi wake.

Mzee aliinua daftari la kubuni hewani, akashika kalamu isiyokuwepo, kama zamani. "Jina la mteja?"

Fundi alimtazama. Alijua si vizuri kutumaini mara mbili siku moja, akatumaini. "Fundi," alisema.

Mzee aliinua macho. Alimwangalia kwa makini, kisha akatazama juu ya bega lake, alikosimama Kiraka na uzi mwekundu kati ya meno.

"Hapana, mama," alisema kwa upole, kama anayemrekebisha mteja aliyekosea mlango. "Fundi yuko nyuma yako."

Kiraka aliacha kushona. "Baba," alinong'ona, "huyo ndiye..."

"Mwache." Fundi aligeuza shingo. Alimwona binti yake karibu kuliko alivyomwona kwa miaka, sindano mkononi, macho mekundu, kazi yake yote imetandazwa nyuma yake ukuta hadi ukuta. Hakujua ni uchungu au furaha, vilikuja kwa mlango mmoja. "Kweli, Mzee," alisema. "Yuko nyuma yangu. Fundi hasa."

"Basi tazama hapa. Usipepese."

Kiraka hakuwahi kurudi nyuma ya pazia, maana pazia halikuwepo. Picha iliposafishwa, vidole vyake vilionekana begani pa mama yake, na mkia wa uzi mwekundu umening'inia mbele ya koti. Zamani Mzee asingeitoa picha ya namna hiyo, angeipiga upya. Filamu ilikuwa imepelekwa duka la kusafishia picha, na Fundi aliambiwa picha itakuwa tayari Jumatatu. Jumatatu saa mbili asubuhi, duka halijafunguliwa, alikuwa mlangoni na mkoba wake. Hakutaka kuwa mteja wa tisini na saba.